Nusu Mradi, Nusu Zamu

Asubuhi ya kuzindua oveni mpya, kiwanda chetu cha mikate hakikuwa na mkate hata wa kumpa paka.

Oveni ipo. Utepe upo. Wageni wapo. Mkate? Hola.

Ngoja niwape mkanda mzima, maana nilikuwamo.

Mimi ni msimamizi wa zamu. Kazi yangu haina makofi: unga ukandwe, mikate iive, gari la mikate ya hospitali liondoke. Kesho hivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kukata utepe eti kwa sababu mkate wa leo umefanana na wa jana.

Kisha ukaja mradi wa oveni, ukaja na mkuu wake. Tulimwita Helmeti, maana helmeti yake ya njano aliivaa hata akienda chooni.

Helmeti hakuja na watu. Alikuja na mdomo mtamu.

"Bwana Zamu, niazime wakanda unga wako. Nusu siku tu."

"Nusu ya mtu, au nusu ya siku? Kama ni ya mtu, chukua ya chini. Mikono niachie."

Akacheka. Akawachukua wote, nusu ya juu na ya chini.

Kwenye ratiba wakaandikwa: nusu mradi, nusu zamu. Mkurugenzi akajumlisha nusu na nusu, akapata mtu mzima. Pengo hakuna! Hesabu safi kabisa, ila unga haukusoma hesabu.

Kisha mwokaji naye akaenda kwa Helmeti, ambaye ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Nikamkuta na kizibao cha kung'aa cha mradi, anapuliza chai ya mkutano.

"Shem, zamu inakusubiri."

"Shem, kikao hakijaisha."

"Mnajadili nini?"

"Tarehe ya kikao kijacho."

Bosi wangu wa uzalishaji, Mama Unga, akaniita.

"Mwanangu, wagonjwa hawali mradi. Gari la hospitali likiondoka tupu, aproni yako iache mlangoni."

"Mama, watu wangu wote wako kwa Helmeti."

"Si unao nusu?"

Siku ya uzinduzi, Helmeti akawapanga wote kando ya utepe, na vizibao vyao, wapigwe picha. Nikabaki na mfagizi. Tukakanda kwa mikono, mimi nikilaani kimoyomoyo, yeye kwa sauti.

Unga ukaumuka. Kuuoka sasa? Oveni ya zamani ilikuwa imezimwa, gesi yote imehamishiwa kwa bibi harusi mpya. Nje, dereva wa hospitali anapiga honi. Nikaanza kuifungua aproni.

Mara huyo Helmeti, mbio, helmeti imekaa upande.

"Bwana Zamu! Mkurugenzi anataka kuona mkate unatoka!"

"Kwani mradi haukupanga mkate?"

"Tulipanga oveni!"

Nikaifunga aproni upya.

"Unga ninao, wa hospitali. Nipe watu wangu."

"Chukua nusu…"

"Wazima. Na wavue vizibao."

Wakavua mbele ya wageni. Shemeji akasukuma trei ndani kama mtu aliyerudi kwao. Hotuba ya mwisho ilipoisha, mikate ikatoka, makofi yakapigwa, wageni wakanyoosha mikono kuonja.

Nikapitisha trei zote hadi kwenye gari.

"Ya wagonjwa hiyo, waheshimiwa. Nyinyi mmeshiba hotuba."

Kesho yake Mkurugenzi akaniita. Nikajua ni cheo.

"Kijana, umeunganisha mradi na kazi za kila siku! Hakuna aliyewahi kufanya hivyo hapa." Akanikabidhi kizibao kipya, bado kiko kwenye nailoni. "Kuanzia leo, wewe ni nusu mradi, nusu zamu."

Mama Unga akanitazama juu hadi chini.

"Mikono utaniachia mimi, mwanangu?"

Jamani wakubwa, ukiazima mtu, azima mzima, na useme nani atashika kazi aliyoiacha. Na wewe mfanyakazi mwenzangu, ukiwaokoa mabosi wawili siku moja, toka kwa mlango wa nyuma kabla hawajakushukuru.