Makala Yasiyo na Moshi

Hapa Bunia kaa la moto tunaliita kala, na mengi ni makala, kama wasemavyo wenzetu wa Lingala. Mwalimu wangu wa shule ya msingi alitueleza kwamba kaa na kala ni neno moja la kale: watu wa pwani waliiacha ile l njiani, sisi tukabaki nayo. Mama mkwe wangu, aliyekimbia vita Djugu akaja kuishi kwetu, hakuhitaji mwalimu. Kwake makala ya kweli ni yale mekundu, yaliyokwisha kutoa moshi. Kwao huwekwa karibu na kitanda cha mzazi ili mtoto apate joto.

"Moshi njo inauaka," alisema, yaani moshi ndio unaoua. "Makala ikiwaka muzuri, iko safi."

Nami, msomi mzima, sikumbishia.

Mtoto wangu alikuwa na wiki tatu. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikamwachia bibi yake, nikaenda kumtafutia dawa ya kifua. Niliporudi saa sita mchana, mlango ulikuwa umefungwa na upenyo wa chini umezibwa kwa kitenge. Niliita, hakuna aliyejibu. Nikausukuma mlango kwa bega.

Mbabula, jiko letu la makala, ilikuwa katikati ya chumba, imejaa makala mekundu, bila moshi hata kidogo. Mama mkwe alikuwa ameinama kwenye kiti na mtoto amelegea mapajani pake. Nilimnyakua nikatoka naye mvuani, nikampigapiga mgongo, nikimtukana bibi yake kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Hata siku za risasi sikuogopa hivyo. Mwishowe akakohoa, akalia.

Majirani walimtoa mama mkwe. Alitapika barazani, kisha akauliza, "Mutoto iko wapi?"

Muuguzi alitueleza kwamba makala hutoa sumu isiyo na harufu. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikomalisha batoto saba na hii moto," alisema.

Ni kweli, aliwalea wote saba hivyo. Lakini nyumba yake ilikuwa ya nyasi, ilipumua. Yetu ni ya mabati, na dari tumeliziba kwa plastiki.

Tangu hapo haombi kumbeba mtoto. Jana nilimhurumia, nikamwekea mtoto mapajani.

"Mubebe, mama."

Alimbeba. Nilikaa ubavuni pake nimeshika mguu wa mtoto, na nilishindwa kuuachia. Aliuona mkono wangu, akanirudishia mtoto.