Majina Chini ya Mabati

Mwalimu wetu mkuu alikuwa na akili nyingi, na akili hizo ndizo zilizotumaliza. Serikali ilipotuambia kwamba madarasa sasa ni kazi ya wazazi, alipita nyumba kwa nyumba akiomba mabati. Kila mzazi bati moja, mwenye uwezo mawili. Haba na haba hujaza kibaba, alisema katika kila mkutano mpaka watoto wakawa wanamuigiza. Watu wa kwetu, huku juu Ufipa karibu na Mpui, si wagumu wa kutoa, ila hupenda ijulikane kwamba wametoa. Yeye alilijua hilo. Akanunua kopo la rangi nyekundu, na upande wa chini wa kila bati akaandika jina la aliyelitoa.

Mzazi aliyefika shuleni aliinua kichwa akajisoma. Watoto wa darasa la kwanza walijua kusoma majina ya baba zao kabla hawajashika kitabu, maana vitabu vyenyewe vilikuwa vya kugombea. Baba yangu alitoa mabati mawili. Nami nilikuwa mwalimu hapohapo kijijini nilikozaliwa, nikifundisha darasa la sita chini ya jina lake, na sitaficha kwamba nilikuwa naringa.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikaachiwa kila anayeitaka. Sisi ni watu wa mahindi. Miaka yote mbolea ilitufikia kwa bei ya serikali, na lori la ushirika lilikuja kuchukua magunia hata kule ambako mbuzi huogopa kupita. Ruzuku ikaondolewa, lori likaacha kuja. Wakaja wanunuzi binafsi na mizani yao, wakasimama barabarani wakataja bei waliyoitaka wao. Redioni waliita soko huria. Mahindi yetu yalikuwa huru kweli, huru kuoza ghalani.

Bondeni, upande wa Mtowisa, mpunga uliota bila mbolea. Familia zikaanza kushuka mteremko, moja baada ya nyingine. Kule walikuta Wasukuma wamekwishafika na ng'ombe wao, na shule imefurika hadi watoto wengine wanasomea juani. Kamati ya shule ya huko ikaweka utaratibu wake: mgeni anayetaka mtoto wake apokelewe, aje na bati. Siwalaumu. Hata sisi tungefanya hivyo.

Wa kwanza kurudi alikuwa jirani yetu mwenye mkokoteni. Alibisha hodi darasani nikiwa katikati ya somo la hesabu.

"Samahani, Mwalimu. Nimefuata bati langu."

Nilidhani ananitania. Akanyoosha kidole juu, na jina lake lilikuwa palepale, jekundu. Nikamwita mwalimu mkuu. Alitazama mwandiko wake mwenyewe, akampisha. Kwetu mtu akihama hung'oa mlango na mabati ya nyumba yake, na hakuna anayemwita mwizi. Nani angemzuia? Mwenyekiti wa kijiji? Mwenyekiti naye alishuka muda si mrefu, na bati lake juu ya magodoro.

Bandu bandu huisha gogo. Kila bati lililoshuka liliondoka na watoto wake. Watoto wakipungua, ofisi ya elimu inapunguza chaki na kuhamisha walimu, na mzazi aliyekuwa akisitasita anaona hana cha kusubiri. Nilikwenda Sumbawanga mjini kulalamika. Afisa aliyenipokea, mtu mpole kutoka Mbeya, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi nagawa kwa vichwa," alisema. "Nitakupaje chaki za watoto wasiokuwepo?"

Nikaenda stendi, nikapanda gari la kurudi.

Aliyenikosesha raha zaidi alikuwa binti mmoja wa darasa la sita, aliyelelewa na bibi yake. Bibi alikuwa mjane mwenye miguu iliyovimba. Mteremko hauwezi, na habari za bondeni hataki kuzisikia. Binti yule alipata jibu la hesabu kabla sijamaliza kuiandika ubaoni. Alibakiza mwaka mmoja tu afanye mtihani wa darasa la saba. Shule ya jirani ilikuwa ng'ambo ya mto, na wakati wa mvua mto ule hauvukiki. Nilijiapiza kwamba hata akibaki peke yake, nitamfikisha.

Kisha akaja baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Alikaa dawati la nyuma akasubiri kipindi kiishe. "Kaka zako wamenilimia shamba kule chini. Wajukuu zangu wamekataliwa shule mpaka tupeleke mabati."

"Na hawa, baba?"

Aliwatazama wanafunzi wangu wachache, akainamisha kichwa. "Nilitoa kwa ajili ya watoto, mama. Watoto wako kule."

Walikuwa watoto wa kaka zangu. Alipanda mwenyewe, akang'oa misumari polepole asipasue bati, akawa ananiangushia vile vifuniko vya soda vilivyowekwa chini ya misumari ili kuzuia maji. Nikavipokea kimoja kimoja kama mjinga. Nililia, na watoto waliniona.

Mvua zilipoanza, juu yetu lilibaki bati moja, pembeni, karibu na ubao. Jina lake lilikuwa la bibi yule. Binti akasogeza dawati lake chini ya jina la bibi yake, tukaendelea hivyo, yeye mkavu, mimi nimelowa mgongo.

Mwaka ulipokwisha ofisi iliamua. Shule ifungwe, watoto waliobaki wavuke mto, nami nihamie bondeni, kwenye shule ileile iliyoezekwa kwa mabati yetu. Nilikwenda kumuaga bibi. Njiani nilipanga maneno yangu: amri ya serikali, idadi ya vichwa, si uamuzi wangu. Alinisikiliza huku akichambua maharage, hakunikatiza.

"Nimekuelewa," alisema. "Ila nikuulize, Mwalimu. Bati langu mimi nimeling'oa?"

"Hapana, bibi."

"Lipo?"

"Lipo."

"Basi sisi tupo. Anayeondoka ni wewe."

Binti alinisindikiza na begi langu kichwani mpaka pale njia inapoanza kushuka. Nilitaka kumwambia asome kwa bidii, nikaona aibu. Alinikabidhi begi kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Nirudi mapema, Mwalimu," akasema. "Kesho ni zamu yangu ya kufagia darasa."