Faili la King'ora

Nina ubishi, na ubishi wangu umewahi kulowesha kahawa ya mtu.

Nilikuwa karani wa kikundi chetu kidogo cha wakulima wa kahawa Itaka, miaka ile tulipokuwa bado mkoa wa Mbeya. Mradi mmoja ulitusimikia kituo cha hali ya hewa: mlingoti wenye vikombe vya kupima upepo na mshale wa kuonyesha unakotoka, kipima unyevu, kopo la kupimia mvua, waya ulioingia ofisini hadi kwenye kompyuta, na king'ora cha kutuonya mvua. Programu yake ilikuja na mipangilio ya watu wasiojua Mbozi, wilaya yetu. Ili king'ora kilie, ilisubiri mvua ianze kudondoka. Sasa mvua ikishadondoka na kahawa imeanikwa mezani, king'ora cha nini?

Nikaichokonoa. Misimu miwili nilimfuata mama aliyesimamia meza za kuanikia, mjane ambaye meza yake mwenyewe ilikuwa ya mwisho kule bondeni. Aliniambia upepo ukigeuka ukatoka upande wa Momba, na kahawa ikaanza kunata vidoleni, mvua iko njiani. Kila aliposema hivyo nilikimbia ofisini kuona kompyuta inaonyesha nini. Hatimaye nikaandika faili langu: upepo ukiwa hivi na unyevu ukiwa hivi, king'ora kilie. Kikawa hakikosei. Wanawake walifunika meza kwa nailoni bila papara, na mimi kichwa kikavimba.

Mwishoni mwa Oktoba, kahawa za mwisho zikiwa mezani, alikuja fundi kutoka Mbeya mjini na toleo jipya la programu. La zamani lilikuwa likikwama kila umeme ukikatika.

"Dada, hili likiingia linafuta folda yote ya zamani," alisema. "Zile faili ulizobadilisha umezihifadhi pembeni?"

"Ziko kwenye flashi tangu jana. Kwani unaniona mshamba?"

"Yaishe, bosi," akacheka. "Nilitaka tu tuhakiki pamoja."

"Weka toleo lako."

Akaweka. Skrini mpya ilipendeza kweli. Nikachomeka flashi, nikabofya faili langu. Kompyuta ikasema halipo. Nikabofya tena, safari hii kwa nguvu. Fundi akainama, akanionyesha kimshale kidogo pembeni ya alama yake.

"Dada, hili si faili. Hii ni njia ya mkato ya kulifungulia. Ulinakili ile iliyokuwa kwenye uso wa kompyuta. Faili lenyewe lilikuwa kwenye folda niliyofuta."

Akaniuliza kama namba zake nazikumbuka. Sikuzikumbuka. Nilizibadilisha mara nyingi mno, na karatasi niliyoziandikia niliwashia jiko, maana kompyuta ilikuwa nazo.

Wakati tunaongea, mshale wa upepo kwenye skrini ukageukia Momba. Unyevu ukaanza kupanda. King'ora kimya. Nje jua lilikuwa bado linawaka, na kufunika bure kahawa yenye maji jua likiwaka ni kuivundika. Je, unyevu huu ndio ule, au bado? Nilizikodolea macho tarakimu nilizozoea kuziona kila siku, nisijue zinasema nini.

Nikakimbilia kwenye meza. Mama msimamizi alikuwa anageuza kahawa ya watu, anazungumza na wenzake.

"Mama, unaonaje? Inakuja?"

Akanitazama kwa mshangao. "Mwanangu, siku hizi mimi sitazami. Si king'ora hakijalia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikapiga kelele, "Funikeni! Funikeni zote!" Tayari matone mazito yalikuwa yanapiga mabati ya ofisi. Nailoni zilikuwa zimekunjwa ghalani. Tukakimbia, fundi naye na viatu vyake vya mjini. Mama alianza na meza za wenzake zilizokuwa karibu, akishuka moja baada ya nyingine. Tulipofika bondeni, ya kwake ilikuwa inachuruzika. Ilibaki siku mbili tu iingie kwenye magunia.

Nilimweleza ukweli wote, ubishi wangu na ile flashi, nikilia bila aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi," alisema. "Njoo tuitandaze upya."

Hakunisema kwa mtu yeyote, na hilo liliniumiza kuliko matusi.

Faili nililiandika upya kwa miezi, nikalihifadhi sehemu tatu, na kila nakala niliifungua kwanza kwenye kompyuta nyingine. Msimu uliofuata king'ora kililia kwa wakati wake, mvua ikiwa bado mbali. Nikatoka ofisini nikiwa na furaha. Wanawake walikuwa wanakimbilia nailoni. Nikatazama bondeni. Meza ya mama ilikuwa imeshafunikwa, na mawe yameshawekwa kwenye pembe zote nne.