Mbinu Yangu ya Kukumbuka Mmomonyoko wa Udongo

Mimi mtoto wa mkulima wa Songambele nilirudi nyumbani na diploma ya ualimu, nikahakikisha hata wauza ndizi wa soko la Nkwenda wanajua. Walimu wenzangu shuleni walikuwa wakikaririsha watoto kama kasuku. Mimi nilileta mbinu: funga kila hoja kwa mtu unayemfahamu, hutaisahau.

Tulipofika kwenye sababu za mmomonyoko wa udongo, ukataji miti ukawa Mama Koku mchoma mkaa. Wingi wa mifugo, ambao dawa yake ni kuipunguza, ukawa Mzee Kaijage, maana ng'ombe wake wamekinyoa kilima kizima. Darasa la sita likacheka, nami nikajiona profesa.

Juzi mkaguzi alikuja kuona kama ninafaa kuwa mwalimu mkuu. Alifuatana na mwenyekiti wa kamati ya shule, ambaye neno lake ndilo husikilizwa. Mwenyekiti huyo ni Mzee Kaijage. Sikushtuka, nilijua watoto watataja hoja, si watu.

"Funikeni madaftari," nikasema kwa maringo. "Nani anakumbuka sababu kubwa ya mmomonyoko hapa kwetu?"

Jovina, kiranja wa darasa, akasimama, akapiga goti kama mila yetu inavyotaka.

"Shikamoo, Mzee Kaijage," akasema. "Ni wewe."

"Marahaba," akaitika mzee kabla hajaelewa.

Mkaguzi akauliza dawa yake ni nini. Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Apunguzwe."

Mzee akanigeukia taratibu. "Mwalimu, mtaanza kunipunguza upande upi?"