Fundi wa Pikiniki

Fundi anayechora kuta za hoteli hapa Karurumo huanza na blanketi, kisha chakula, watu mwisho. Hufumba jicho moja, hupangusa brashi kwenye goti la kushoto, na goti hilo sasa lina rangi nyingi kuliko ukuta. Pikiniki zake zote ziko kando ya bwawa la Kiambere: baba ameketi, watoto wameketi, mama amesimama na birika. Alipofika kwenye hoteli ninayopikia, nilimenya viazi nikimtazama.

"Fundi, huyo mama atakaa lini?"

"Akikaa, Mama Kagure, nani atamimina chai?"

"Baba. Si ana mikono?"

Akacheka kwa kile kisauti chake chembamba. "Sijawahi kuona picha ya mwanamume na birika."

"Basi chora uione. Mimi nilimmiminia wangu miaka ishirini, akaleta mwingine, akanifukuza."

Akapangusa brashi gotini, akamfuta mama. Kufika jioni mama alikuwa katikati ya blanketi, miguu ameinyoosha, kichwani kitambaa cha kijani kama changu, na baba ameinama akimmiminia.

Aliyekuwa mume wangu bado hunywa chai hapa siku za soko. Siku hizi huketi akiupa ukuta mgongo.