Mama yangu aliambiwa "hupo kwenye mfumo" kwa sababu ana jina moja na mjukuu wake

Wakuu, salamu kutoka Moro. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na bado nina hasira kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni developer, naandika code hapa mjini. Mama yangu anaishi Kinole, huko juu Uluguru. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Siku hizi ananitambua kwa sauti.

Ikaja kambi ya macho. Madaktari wageni, siku tatu tu, upasuaji bure. Mama aliandikishwa mapema kabisa na akapewa kadi yenye namba.

Alipangiwa siku ya mwisho. Nikampeleka.

Dada wa mapokezi akampa shikamoo vizuri tu, akamuuliza jina, akaliandika kwenye kompyuta. Zena Mohamed.

"Mama, hapa inaonyesha una miaka kumi na moja, na unatakiwa upewe miwani."

Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nina wajukuu."

"Sawa mama, lakini kwenye orodha ya upasuaji hupo."

Mtu amekaa mbele yako, mvi kichwa kizima, kadi mkononi, unamwambia hayupo.

Sasa ngoja niwaeleze. Kaka yangu anaitwa Mohamed, jina la babu mzaa mama. Naye binti yake akamwita Zena, jina la mama. Kwa hiyo bibi ni Zena Mohamed, na mjukuu ni Zena Mohamed. Kule kwetu hilo ni jambo la kawaida kabisa, hukosi wa hivyo kijiji chochote.

Na yule binti aliandikishwa wiki moja baada ya bibi yake, apimwe miwani.

Nikaomba kuonana na aliyetengeneza ule mfumo. Jamaa mstaarabu, akanifungulia code bila ubishi. Watu wote kawaweka kwenye Map, na key ni jina.

Kwa wasioandika code: chukulia ni kabati la droo, kila droo imebandikwa jina, na inabeba faili moja tu. Ukiingiza faili la Zena wa pili, la Zena wa kwanza linatupwa kimya kimya. Ukija kumtafuta Zena, unaletewa aliyebaki.

"Mkuu, mbona haijatoa error hata moja," akaniambia.

Ni kweli, haikutoa. Ingetoa, tatizo lingeonekana siku ile ile mjukuu alipoandikishwa.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia namba ya kadi, ambayo hakuna watu wawili walio nayo. Akasema wazee hawakumbuki namba.

Jamani, kadi walipewa za nini?

Tukapekua boksi la fomu za karatasi mpaka tukaipata ya mama. Upasuaji, macho yote mawili, imeandikwa wazi. Nikakimbia nayo kwa daktari. Akaisoma, akasikitika kweli, akasema nafasi yake ameshapewa mtu mwingine na wanafunga vifaa.

Kilichonichoma zaidi ni lile boksi. Fomu zilikuwa nyingi kuliko watu waliokuwa kwenye mfumo. Hao wengine hawana mtoto anayejua code. Waliambiwa hawapo, wakashukuru, wakarudi milimani.

Nilichojifunza: jina la mtu si key. Tumia kitu ambacho wawili hawawezi kuwa nacho, na kabla hujaweka kitu angalia kama pale pana mwenyewe. Na ukishaletewa jibu, linganisha na mtu aliyekaa mbele yako.

Mnaoandika mifumo ya hospitali na shule, ninyi mnatumia nini? Semeni hapa. Anayetaka kumtetea yule jamaa naye aje, ila anisaidie jambo moja kwanza. Mama ameniuliza wale madaktari wanarudi lini. Amjibu yeye.