Kola na Kifungo cha Juu

Saa moja asubuhi, kabla hajampima mteja yeyote, fundi cherehani anajipima shingo. Anaikaza futi hadi macho yanamtoka.

"Legeza, baba watoto," mkewe anamwambia huku akifagia vipande vya nguo. "Unajipima au unajinyonga?"

Analegeza. Inchi kumi na saba. Mwanamume aliyekemea wateja miaka yote kwa kuvuta tumbo ndani, sasa anaidanganya futi yake mwenyewe.

Wateja humwita Kola, kwa heshima ya kola zake, zilizonyooka kuliko tabia za wengi wao. Zamani shingo hiyo ilikuwa inchi kumi na tano. Kisha matezi yakavimba, na hospitali ikautaja ugonjwa: limfoma ya seli B, saratani ya chembe zinazopaswa kuulinda mwili. Dripu za dawa ya saratani ziliyapunguza matezi. Yakarudi.

Sasa yumo katika utafiti wa vidonge vipya. Daktari, aliyemwona na chaki mfukoni, alimweleza kwa lugha ya kazi yake.

"Kuna jeni zako za kuzuia seli ambazo ni kitambaa kizima, fundi. Ila zimechorwa alama za kemikali, zikazimika. Ndiyo maana seli zinazaana bila breki."

"Basi zifute hizo alama."

"Dawa inauzuia mkono unaochora. Wengine imewasaidia, wengine bado. Siwezi kukuahidi."

Nyuma ya cherehani zimetundikwa nguo mbili za jora moja la buluu: gauni la mke, na shati la mume lisilo na kifungo cha juu. Alizishona ili Jumapili moja watoke wawili, watembee bila safari, kama enzi za uchumba. Gauni halijawahi kuvaliwa, maana fundi hatoki na kola isiyofungika.

"Nilivae peke yangu?" mke anauliza. "Kwani mimi pazia?"

Fundi anashusha shati, anaweka alama ya chaki kwenye kola. Mke anachungulia.

"Hiyo ni kumi na tano. Weka kumi na saba, tutoke Jumapili hii. Nimekukumbuka, wewe mtu, na unalala ubavuni pangu."

Fundi anapitisha kidole kando ya alama. Haifuti.

"Kifungo kitakaa hapa hapa," anasema. "Kisubiri dawa. Lakini Jumapili tunatoka."

"Kola wazi? Wewe?"

"Wazi. Wateja wakicheka, bei inapanda."

Mke tayari amewasha pasi.